Draiva Isiyoumiza Macho

Mafundi wengi wa kompyuta hawajazoea kuulizwa swali hili, na ukiwauliza watakutazama mara mbili: draiva gani ya grafiki, yaani programu inayoiongoza kadi ya kutengeneza picha za skrini, haichoshi macho? Wamezoea kuulizwa ipi inachezesha gemu bila kukwama, ipi inaonyesha video kali, ipi inakubali skrini mbili kwa pamoja. Macho wanaona ni habari ya daktari na miwani. Mimi nasema ni habari ya draiva pia. Namwandikia mtu ambaye ameshaenda kwa madaktari, ameshanunua miwani, ameshapunguza mwangaza mpaka maandishi hayasomeki, na bado akikaa mbele ya kompyuta fulani macho yanawaka moto.

Kazi yangu ni kuhariri. Nasoma miswada kutwa, herufi nyeusi juu ya ukurasa mweupe, na kwa miaka nilifanya hivyo kwenye laptopu moja ya zamani bila kupata zaidi ya ule uchovu wa kawaida wa jioni. Ilipoungua mazabodi nikanunua nyingine, kioo cha ukubwa uleule, mashine mpya zaidi na nyepesi zaidi. Siku ya kwanza, kabla chai haijapoa, nilikuwa nimeshaanza kufikicha macho. Kwanza mchonyoto, halafu machozi, halafu maumivu yaliyokaa nyuma ya jicho la kulia na kupanda kwenye paji la uso. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba herufi hazikuwa na ukungu. Zilikuwa kali kabisa, ila jicho lilikataa kutulia juu yake.

Ushauri niliopewa naujua kwa moyo, na sina ugomvi nao. Pumzika kila baada ya muda. Kunywa maji. Usikae na feni usoni. Pepesa macho. Hili la kupepesa lina ushahidi mzuri: mwaka 1993 Tsubota na Nakamori, watafiti wa Japani, walichapisha vipimo vyao kwenye New England Journal of Medicine wakaonyesha kwamba mtu aliyetulia hupepesa macho wastani wa mara 22 kwa dakika, akisoma kitabu mara 10, na akitazama skrini ya kompyuta mara 7 tu. Jicho lisilopepeswa hukauka, na jicho kavu huuma. Kwa hiyo mwenye tatizo kama langu aanze kwa daktari wa macho, apimwe ukavu, apimwe presha ya macho, apimwe kama anahitaji lenzi. Mimi nilipimwa, na macho yangu yalikuwa salama.

Lakini ukavu haukuweza kueleza jambo moja. Mezani palepale, kiti kilekile, feni ileile, nikiazima laptopu ya zamani ya mdogo wangu nasoma sura nzima bila kufikicha jicho. Nikirudi kwenye yangu, mchonyoto. Fundi mmoja wa mtaani, kijana mwenye heshima zake, aliniambia, "Dada, hiyo ni kuzoea tu, ipe wiki mbili utaizoea." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wiki zilipita, na jambo pekee nililozoea ni kumeza vidonge vya maumivu.

Waliowahi kulipia dakika kwenye intaneti kafe za Dar es Salaam au Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walishawahi kukutana na ndugu wa tatizo hili. Kumbuka vile vioo vizito vyenye kisogo. Ndani yake mwali wa elektroni ulichora picha upya kutoka juu hadi chini, na kama ulichora mara 60 tu kwa sekunde, ukurasa mweupe ulionekana ukitetemeka, hasa ukiutazama kwa pembe ya jicho. Windows iliyowekwa upya bila draiva sahihi ya kadi ya grafiki mara nyingi iliganda kwenye 60 Hz, yaani mara hizo 60 kwa sekunde, kwa sababu haikujua kadi ile ina uwezo gani. Fundi akishaingiza draiva yake na kupandisha hadi 75 au 85 Hz, mtetemo ulitoweka. Kadi ni ileile, kioo kilekile, chumba kilekile. Kilichobadilika ni programu iliyokaa katikati. Hakuna aliyebisha siku zile kwamba draiva inaweza kuumiza au kupumzisha macho, kwa sababu kila mtu aliuona mtetemo.

Vioo bapa vya sasa vilipokuja, watu wakaamini mambo ya kumeta yamekwisha. Pikseli ya kioo bapa haichorwi ikafifia. Inashika rangi yake mpaka iambiwe ibadilike. Hilo ni kweli. Ila mtetemo ulirudi kwa milango mingine miwili, safari hii kwa kasi ambayo jicho haliitambui waziwazi. Mlango mmoja ni taa ya nyuma ya kioo, ambayo mara nyingi huzimwa na kuwashwa haraka haraka ili kupunguza mwangaza, nitaufikia. Mwingine ndio unaoihusu draiva moja kwa moja, nao unaitwa didharingi.

Kioo kizuri kina ngazi 256 za kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu, na ukizizidisha unapata rangi 16,777,216. Vioo vingi vya laptopu za bei nafuu, pamoja na laptopu nyingi za maofisini zinazoletwa kwetu zikiwa zimeshatumika, vina ngazi 64 tu za kila rangi. Hizo ni rangi 262,144. Rangi zinazokosekana katikati zinabidi zidanganyiziwe jicho. Njia ya kwanza ni ile ya picha za magazeti ya zamani: vitone vya rangi mbili vinapangwa jirani, na ukitazama kwa mbali vinakuwa rangi moja. Vitone hivyo vimekaa mahali pake, havisogei. Njia ya pili ni ya wakati. Tuseme unataka rangi iliyo robo ya njia kutoka ngazi ya 25 kwenda ya 26. Pikseli inaambiwa ionyeshe 25 kwenye fremu tatu, yaani picha tatu kamili zinazofuatana, na 26 kwenye fremu ya nne, kisha irudie. Kioo kikiwa na fremu 60 kwa sekunde, mzunguko huo unajirudia mara 15 kila sekunde. Pikseli za jirani zinapewa zamu tofauti ili kioo kizima kisionekane kikimeta. Kwa jumla unaona rangi ya kijivu iliyotulia, wakati ndani yake hakuna pikseli iliyotulia.

Nililiona hili kwa macho yangu. Nilijaza kioo kizima rangi ya kijivu iliyokolea, nikazima taa za chumbani, nikabandika lenzi ndogo ya kukuza mbele ya kamera ya simu na kurekodi kwa mwendo wa taratibu. Kijivu kile kilikuwa kinachemka. Pikseli moja inapanda mwanga kidogo, ya kushoto kwake inashuka, kisha zinabadilishana, na wimbi hilo linatambaa kimshazari kioo kizima bila kukoma. Nikafungua kijivu kilekile kwenye laptopu ya mdogo wangu. Kimya, kila pikseli mahali pake.

Kazi hiyo ya kuchemsha pikseli inaweza kufanyika sehemu mbili. Inaweza kufanywa na saketi iliyomo ndani ya kioo chenyewe, na hapo draiva haina la kusema. Au inaweza kufanywa na kadi ya grafiki kwenye hatua ya mwisho kabla picha haijatoka kwenda kwenye kioo, na hapo mwenye amri ni draiva. Draiva ndiyo inayoamua kama didharingi iwashwe, na kama iwe ya vitone vilivyotulia au ya fremu zinazopokezana. Ndiyo maana mashine moja inaweza kuwa rafiki leo na adui kesho baada ya apdeti. Na ukipiga picha ya skrini kutafuta ushahidi hutapata kitu, kwa sababu picha ya skrini inachukuliwa kwenye kumbukumbu, kabla didharingi haijafanyika. Ukimtumia fundi picha hizo atakuambia ziko sawa, na kweli ziko sawa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua kama anayekuumiza ni draiva au ni kioo. Kwenye Windows njia ninayoiamini ni kuingia Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, na kuilazimisha kadi itumie draiva ya msingi inayokuja na Windows yenyewe, inayoitwa Microsoft Basic Display Adapter. Draiva hii haina madoido. Video zinakwama, skrini ya pili haiwaki, mwangaza haupunguzwi. Huwezi kuishi nayo, lakini unaweza kusoma nayo kurasa kadhaa, na kwa kipimo hiki inatosha. Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Kwa kuwa draiva ya msingi haipunguzi mwangaza, kioo mara nyingi kinabaki kwenye mwangaza wa juu kabisa, na mwangaza wa juu peke yake unaweza kuondoa tatizo la taa ya nyuma. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha draiva, pandisha mwangaza mpaka mwisho ukiwa na draiva ya kawaida na usome hivyo kwanza. Macho yakipona hapo, mshukiwa ni taa. Yasipopona, kisha yakapona kwenye draiva ya msingi, umempata mwenyewe.

Kwangu yalipona kwenye draiva ya msingi. Nilisoma sura nzima ya mswada wa jiografia, picha zikiwa zimefifia na ramani zikivutika kwa taabu, na jicho la kulia halikuuma. Furaha niliyoipata siku ile nisingeweza kumweleza mtu ambaye hajawahi kuhofia kuacha kazi yake kwa sababu ya kioo.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu yangu, nikashusha toleo la kwanza kabisa la draiva lililotolewa kwa mashine ile, siyo jipya. Watu hushauri toleo jipya kila mara kana kwamba upya ni tiba. Kwa macho, nadhani toleo la kwanza ndilo lililojaribiwa na kioo kile kilipokuwa kiwandani. Niliondoa lililokuwepo, nikaweka la zamani, na hali ikawa nafuu sana. Kisha usiku mmoja Windows ikajiapdeti yenyewe na kurudisha draiva mpya. Niligundua asubuhi kabla sijaangalia namba ya toleo, maana macho yalishaniambia. Tangu hapo nafunga mlango huo kwanza: kwenye Windows za Pro, Group Policy, programu ya kanuni za mfumo, ina sehemu ya kuzuia apdeti zisilete draiva. Na pale Device Manager, kitufe cha Roll Back Driver hukurudisha kwenye toleo lililotangulia kama bado limehifadhiwa.

Makao yangu ya kudumu, hata hivyo, niliyapata kwenye Linux, mfumo huria unaotumika badala ya Windows, na sababu ni moja tu: kule swichi ipo. Draiva ya wazi ya kadi za Nvidia iitwayo nouveau ina mpangilio ulioandikwa kabisa "dithering mode", na ndani yake unachagua off, au static 2x2 ambayo ni ya vitone vilivyotulia, au dynamic 2x2, au temporal, hizi mbili za mwisho zikiwa za fremu zinazopokezana. Draiva ya Nvidia yenyewe ya Linux ina chaguo kama hilo kwenye programu yake ya mipangilio. Draiva ya radeon ya kadi za AMD za zamani ina "dither", on au off. Kwa Intel, draiva ya i915 huwasha didharingi pale tu inapopeleka picha kwenye kioo cha ngazi 64, vinginevyo inaiacha. Andika xrandr --prop kwenye dirisha la amri uone kadi yako inakupa nini. Kwa kompyuta yenye nouveau, amri inakuwa hivi, ukiweka jina la kioo chako palipo LVDS-1:

xrandr --output LVDS-1 --set "dithering mode" "off"

Linux ina njia mbili za kuchora skrini, X na Wayland. Hakikisha umeingia kwenye kipindi cha X na siyo Wayland, la sivyo amri haitashika. Nilipoizima kwangu nilirudia kipimo cha kamera, kijivu kikawa kimetulia tuli. Gharama yake ipo na inaonekana: anga la jioni kwenye picha linapata ngazi ngazi, na vivuli vya nyuso vinakuwa na mipaka. Mpiga picha hatalikubali. Mimi nasoma herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, na nyeusi na nyeupe hazihitaji kudanganyiziwa.

Kuna mambo mengine ya draiva yanayochosha macho ambayo ni mepesi kuyamaliza. Kwetu huku umeme ukikatika laptopu inahamia kwenye betri, na hapo draiva nyingi huwasha ubanaji wa nishati unaopunguza taa ya nyuma na kubadili utofauti wa rangi kufuatana na kilichopo kwenye kioo. Unafungua ukurasa mweupe, unafifia taratibu mbele yako. Unafungua mweusi, unabadilika tena. Mboni ya jicho inahangaika kuufuata mwanga. Kwenye Intel zima "Display Power Savings", kwenye AMD zima "Vari-Bright". Na anayetumia skrini ya nje kwa waya wa HDMI aangalie kama kadi haijaidhania kuwa ni televisheni: ikidhania hivyo inaweza kupunguza viwango vya rangi kutoka 0 hadi 255 viwe 16 hadi 235, au kutuma rangi kwa ukali pungufu kuliko mwanga, na herufi nyekundu zikaonekana zimepakaa. Chagua RGB kamili kwenye mipangilio ya draiva.

Taa ya nyuma ni shauri zito zaidi, na hapa draiva haina nguvu kubwa. Vioo vingi havipunguzi mwanga kwa kuufifisha. Vinazima na kuwasha taa haraka haraka, na unapopunguza mwangaza, muda wa kuzima unakuwa mrefu zaidi. Baadhi hufanya hivyo kama mara 200 kwa sekunde. Huoni, lakini mwili unaweza kuona. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa ofisi nchini Uingereza waliokaa chini ya taa za tyubu. Taa za kawaida kwenye umeme wa 50 Hz, kama huu wetu, hupiga mwanga mara 100 kwa sekunde, na wafanyakazi waliziona zimetulia. Walipobadilishiwa vifaa vya kuendeshea taa kwa masafa ya juu, bila kuambiwa, wastani wa maumivu ya kichwa na ya macho ulishuka kwa zaidi ya nusu. Baadaye, mwaka 2015, IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, ilitoa mwongozo wake namba 1789 kuhusu taa za LED: kwa mwanga unaopiga mara 200 kwa sekunde, kupanda na kushuka kwake kusizidi asilimia 16 ili hatari iwe ndogo. Taa inayozimwa kabisa na kuwashwa tena inapanda na kushuka kwa asilimia 100.

Kuijua taa yako, punguza mwangaza hadi nusu na uelekeze kamera ya simu ukiwa umefupisha muda ambao kamera inapokea mwanga. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo, taa inazimwa na kuwashwa. Dawa ninayoitumia ni kuacha taa kwenye mwangaza wa juu kabisa na kuishusha picha yenyewe kwa programu, xrandr --output LVDS-1 --brightness 0.6 kwa mfano, ambayo haigusi taa bali inazitia rangi giza.

Ninachowadai watengenezaji wa kadi ni kidogo. Sitaki kioo kipya wala chipu mpya. Swichi ile ya didharingi imeshaandikwa kwenye draiva za Linux na watu wanaitumia bila matatizo, lakini kwenye Windows, ambako ndiko wafanyakazi wengi wa ofisi waliko, mara nyingi mtu anaambiwa ahariri rejista ya mfumo, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, kwa kubahatisha, au asubiri. Wamepata nafasi ya kuweka vitelezo vya rangi kali kwa wachezaji wa gemu, rangi za filamu, rangi za usiku. Wanashindwaje kuweka kitufe kimoja kinachosema picha itulie? Mtu anayepoteza riziki kwa sababu ya kichwa kuuma si mteja mdogo kuliko anayetaka fremu nyingi kwenye mchezo. Na waandike kwenye maelezo ya kila toleo kama wamegusa jinsi picha inavyotoka, badala ya ule mstari wa "maboresho mbalimbali" unaoficha kila kitu.

Wakati tunangoja, nikienda Kariakoo kununua laptopu, yangu au ya ndugu, nabeba flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, picha ya kijivu, na makala ndefu ya kusoma. Namwomba muuzaji kiti. Wengi wanakubali, hasa ukifika asubuhi kabla wateja hawajajaa. Nasoma kwanza kwenye Windows iliyopo, mwangaza juu kisha nusu, halafu nawasha Linux na kusoma tena, na mwisho naelekeza kamera. Mashine ikinishinda namrudishia kwa shukrani. Ikinikubali, kabla sijalipa nafungua Device Manager, kwenye kadi ya grafiki, sehemu iliyoandikwa Driver, na kuandika kwenye daftari tarehe na namba ya toleo kama zilivyo, tarakimu kwa tarakimu, ili apdeti ikija kuharibu nijue ni lipi la kurudisha.